"Hana Jeraha, Hana Neno": Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ukatili wa Nyumbani, Lubumbashi

Maelezo ya awali

Kisa hiki ni cha Lubumbashi. Kinasimuliwa kwa idhini ya mama mwenyewe, na yeye ndiye aliyetaka kisomwe na mashemeji, wajomba, wazee wa kanisa na majirani wa lupango (ua wenye nyumba kadhaa) kabla ya wanasheria. Herufi tunayomwitia si ya jina lake. Komini (mtaa wa kiutawala wa mji), kanisa, kazi halisi ya bwana yake, umri wa watoto na miezi mambo yalipotokea vimefichwa au kubadilishwa. Mfululizo wa mambo na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Ukimwondoa bwana yake, hakuna mtu katika kisa hiki aliyemtakia Mama R. mabaya. Kila aliyemrudisha kwenye hatari alikuwa anafuata imani fulani kuhusu ugomvi wa ndoa, imani ambayo ukiiuliza sokoni au kanisani utaambiwa ni hekima. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kufundishia: unaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kila imani iliamua jambo.

Usuli

Mama R. ana umri wa miaka thelathini na kitu. Amezaliwa na kukulia Lubumbashi. Kabla ya kuolewa aliuza vitenge pamoja na dada yake, kisha nyanya na samaki wakavu. Ndoa yake ilikuwa ya mahari na ya kanisani, lakini haikuandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia wa komini. Jambo hilo dogo lilikuja kuwa kubwa baadaye.

Bwana yake ni fundi katika kampuni inayofanya kazi kwa mkataba kwenye migodi ya upande wa Kolwezi. Anakaa kazini wiki kadhaa, kisha anarudi nyumbani wiki kadhaa. Hanywi pombe. Kanisani ana cheo. Transfoma ya mtaa ilipoungua, yeye ndiye aliyetoa mchango mkubwa kuliko wenzake, na majirani hawajasahau.

Amri zilikuja kabla ya vipigo. Kwanza alimwambia mke wake aache soko, kwa kuwa mke wa mtu mwenye mshahara hauzi nyanya. Kisha akachukua laini yake ya simu, ile iliyokuwa na pesa zake za likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), akampa nyingine. Kila alipokwenda kazini alichora mstari kwa kalamu kwenye mfuko wa unga wa kilo 25, nje ya mfuko, mahali ambapo unga ulipaswa kuwa umefika siku atakayorudi. Aliporudi aliukagua mfuko kabla ya kusalimu watoto. Mama R. alikuwa anapunguza bukari (ugali) yake mwenyewe ili mstari usipitwe.

Majirani walikuwa wanaujua mstari huo. Waliusimulia kama habari ya mwanaume anayejua kupanga matumizi.

Kipigo cha kwanza kilikuja wakati wa mimba ya pili. Wahudumu wa afya wanajua kwamba kwa wanawake wengi ukatili huanza au huzidi wakati wa mimba, na kliniki ya wajawazito ingeweza kuwa mahali pa kwanza pa kuulizwa. Hakuulizwa. Baada ya hapo alipigwa mara nyingi, karibu kila mara mgongoni, mapajani na kwenye mikono juu ya kiwiko.

Kikao cha kwanza cha familia

Miaka kadhaa baadaye Mama R. alimwambia mjomba wake. Mjomba aliitisha kikao: upande wake, upande wa bwana, na mzee mmoja wa kanisa. Walikaa nyumbani kwa mjomba, wakala, wakasikiliza pande zote mbili kwa zamu, kila mtu mbele ya mwenzake.

Bwana alikubali kwamba "alimgusa." Alisema mke ana mdomo, na kwamba anarudi kutoka kazini akiwa amechoka. Mama R. alipoulizwa, alisema maneno machache kisha akanyamaza. Kikao kiliona kwamba wote wawili wamekosea. Bwana alitoa mbuzi, na mke akaambiwa apige magoti aombe msamaha kwa maneno yake. Shangazi mmoja alimwambia pembeni: "Mwanamuke ni kuvumilia. Hata mimi nilivumilia. Na huyu hata hanywi."

Mjomba alikuwa na hofu ambayo hakuisema kikaoni. Mahari ya Mama R. ilikuwa imetumika kumuoza mdogo wake wa kiume. Ndoa ikivunjika na upande wa pili ukidai, atairudisha kwa kitu gani? Ni hofu ya kweli, na watu wanaofanya kazi hii wakiipuuza hawatapata msaada wa familia hata siku moja.

Baada ya kikao bwana alitulia. Alileta pea ya vitenge vya wax, akawapeleka watoto kutembea. Kila mtu aliona kikao kimefaulu. Alipomaliza zamu iliyofuata ya kazi alirudi akijua jambo moja jipya: mke wake amesema, amesikika, na amerudishwa.

Siku alipofika kituoni

Alikuja kwenye nyumba ya kusikiliza ya mtaani, kituo kinachowapokea na kuwashauri watu wenye shida kama yake, kwa ajili ya mtoto wake mkubwa. Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba mtoto anasinzia darasani. Ilikuwa mwezi wa joto kabla ya mvua, na Mama R. alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alipewa maji, akayanywa kwa funda ndogondogo, na kila alipomeza alifumba macho.

Siku chache nyuma alikuwa amepita kwenye zahanati na kusema koo linamuuma. Alipewa dawa ya kikohozi.

Mshauri aliyempokea hakumuuliza kama anapigwa. Aliuliza: "Mama, kuna mtu aliyekushika hapa?" akigusa shingo yake mwenyewe. Mama R. aliweka mikono yake miwili kwenye shingo yake, vidole gumba mbele, akaonyesha. Kisha akaongeza kwamba hakumbuki vizuri yaliyofuata, ila alipoamka alikuwa amelowa mkojo na aliona aibu.

Ngozi ya shingo haikuwa na alama yoyote. Kitambaa alikivaa kwa sababu alihisi kila mtu anaiona mikono ile.

Kuhusu mtoto kusinzia, jibu lilipatikana mazungumzo yakiendelea. Mtoto alikuwa analala na viatu miguuni, baba anapokuwa nyumbani tu. Hakuna aliyemfundisha. Alipoulizwa na mama yake, alisema ili wakikimbia asichelewe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa hospitali kabla ya polisi, siku hiyohiyo. Kukabwa koo hakufanani na kofi. Mtu akibanwa shingo anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, kwa kuwa damu haifiki kwenye ubongo. Mshipa ulioumia ndani unaweza kuleta kiharusi saa au siku kadhaa baadaye, na mara nyingi nje hakuna kinachoonekana. Sauti kukauka, maumivu ya kumeza, vidoti vyekundu machoni, kujikojolea, kusahau kilichotokea: hizo ndizo alama zake, na Mama R. alikuwa na nyingi kati ya hizo. Kuna sababu nyingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano mara saba zaidi wa kuja kuuawa naye. Kwa hiyo, kwa timu ya kituo, shingo isiyo na alama ilikuwa na uzito kuliko mgongo wenye makovu.

Daktari aliandika sertifika ya kitabibu. Aliombwa aandike pia siku ambazo mgonjwa hataweza kufanya kazi zake, na ombi hilo lina sababu ya kisheria. Kongo haina sheria ya pekee ya ukatili wa nyumbani. Kumpiga mke kunashtakiwa kwa vifungu vya kawaida vya kupiga na kujeruhi katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 46 kinaweka kifungo cha siku 8 hadi miezi 6. Kipigo kikileta ugonjwa au kumzuia mtu kufanya kazi zake, kifungu cha 47 kinapandisha adhabu kuwa miaka 2 hadi miaka 5. Mstari mmoja wa daktari unaweza kuhamisha shauri kutoka kifungu kimoja hadi kingine.

Uamuzi wa pili ulibishaniwa. Mmoja katika timu alipendekeza bwana aitwe wasikilizwe wote wawili, kwani ndivyo watu wa mtaa wanavyotarajia. Pendekezo lilikataliwa. Kupatanisha kunahitaji watu wawili wanaoweza kusema mbele ya mwenzao bila kuogopa kitakachotokea usiku. Kikao cha mjomba kilikuwa kimeshaonyesha matokeo yake: kila neno ambalo Mama R. angelisema mezani, angelilipia nyumbani. Tena, kumwita bwana kungemjulisha kwamba mke wake amefika kituoni.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu kuupokea kuliko yote. Mama R. alisema hatoki sasa. Bwana yake alikuwa na siku zilizobaki kabla ya kurudi Kolwezi, naye alitaka kungoja. "Akiwa hapa nikitoka atanikuta njiani. Akiwa kule nitakuwa na wiki." Timu ilimsikiliza. Mwanamke aliyeishi na mtu huyo kwa miaka anajua saa zake, miguu yake inavyolia kwenye veranda, na siku ambazo hasira yake iko karibu. Ujuzi huo hauko kwenye fomu yoyote.

Basi ikapangwa namna ya kuishi siku hizo. Kadi ya mpiga kura, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za chanjo vilihamishwa kidogo kidogo hadi kwa bibi mmoja wa lupango, mjane, mtu wa kuaminika. Laini ya pili ya simu ilikaa kwa bibi huyo. Walikubaliana kwamba mtoto akija usiku kuomba chumvi, bibi atoke na vijana wake, wagonge mlango kwa sauti wakidai wanatafuta mwizi. Vilevile alishauriwa ugomvi ukianza asikimbilie jikoni, palipo na visu, wala chumba kisicho na mlango wa pili.

Chumvi iliombwa usiku mmoja. Mlango uligongwa. Usiku ule hakuna aliyeumia.

Kuondoka, kufuatwa, kurudi

Bwana alipokwenda kazini, Mama R. alihamia na watoto kwa yaya yake (dada yake mkubwa), katika komini nyingine. Familia ilipumua. Mjomba mwenyewe alisema: sasa imekwisha, apumzike.

Haikuwa imekwisha. Katika ukatili wa namna hii, wakati wa kuondoka na miezi inayofuata ndio wenye hatari kubwa. Mwanaume aliyejenga nyumba juu ya amri anapoona amri imekatika, huzidisha nguvu. Watu wa pembeni huona mwanamke ametoka na kudhani hatari imebaki nyuma yake.

Shemeji, mume wa yaya, alipigiwa simu na bwana. Aliambiwa kwa sauti ya huzuni kwamba baba hajui watoto wake wamelala wapi. Shemeji akamwambia walipo. Alieleza baadaye kwamba hata adui humnyimi habari za watoto wake, na kwamba mtu alikuwa analia kwenye simu. Maneno yake ni ya kweli, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

Bwana alikuja kwanza na wazee wa kanisa, mikate na sukari, maneno mazuri. Mama R. alikataa kurudi. Siku chache baadaye bwana alimkuta mtoto mdogo kwenye geti la shule na kumchukua. Shule haikuwa imeambiwa chochote. Kwa walimu, baba amekuja kumchukua mtoto wake, basi. Jioni alituma ujumbe: mtoto yuko nyumbani kwake, mama akitaka aje.

Mama R. alirudi. Mtaani ikasemwa: "Si munaona? Anapenda hivyo." Shangazi alisema kwamba mwanamke anayerudi kwa miguu yake hana haki ya kusaidiwa tena, na watu wenye akili walimuunga mkono.

Alirudi kwa sababu mtoto wake alikuwa mle ndani. Hakukuwa na fumbo lolote zaidi ya hilo.

Mara ya pili

Kituo hakikumwekea sharti kwa kuwa alirudi. Alipofaulu kumtuma mtoto mkubwa na ujumbe kwa bibi wa lupango, mpango ulianza upya, safari hii na watu wengi zaidi. Shule ilijulishwa kwa barua nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Shemeji alikaa na mshauri, akaelezwa jambo la shingo, polepole, na kusomewa sertifika. Alinyamaza muda mrefu. Yeye ndiye aliyetafuta gari la kuwahamisha.

Mlalamiko ulipelekwa polisi. Ofisa wa kwanza aliyewapokea alitazama shingo, akasema hakuna kitu, akauliza ndoa imeandikishwa wapi. Aliposikia haijaandikishwa, alisema basi hawa si mtu na mke wake mbele ya sheria, waende wamalizane kifamilia. Alipendekeza bwana alipe faini ndogo na mambo yaishe.

Maneno yale mawili yanarudiwa sana Lubumbashi, nayo yanachanganya mambo. Kuandikisha ndoa kuna faida nyingi: urithi, mali, haki za watoto. Lakini Kanuni ya Adhabu haiulizi cheti cha ndoa kabla ya kumwadhibu mtu aliyempiga mwenzake. Kuhusu faini, ni kweli kwamba kwa makosa ya kupiga, sheria ya mwenendo wa jinai inampa ofisa nafasi ya kufunga shauri kwa malipo. Kwa ukatili wa kingono mlango huo ulifungwa na sheria namba 06/019 ya 20 Julai 2006. Kwa hiyo ofisa alikuwa na nafasi hiyo, lakini hakulazimika kuitumia, na alipoitumia hakuwa amesoma sertifika iliyokuwa mezani.

Mwanasheria wa kujitolea aliomba shauri lihamie kwa kikosi maalumu cha polisi kinachoshughulikia watoto na ukatili wa kingono. Ofisa wa pili alisoma sertifika kabla ya kutazama shingo. Bwana aliitwa, akakamatwa.

Hapo timu ilifanya jambo ambalo huachwa mara nyingi: ilihesabu saa. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema kizuizi cha polisi hakipiti saa 48. Zikiisha, mtu aachiwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Familia ilipoona pingu ilianza kupika, kwa furaha. Mshauri aliwauliza Mama R. atalala wapi usiku wa tatu. Hawakuwa wamefikiri. Akapelekwa kwa mtu ambaye bwana yake hamjui, na anwani ikajulikana kwa watu wawili tu.

Bwana aliachiwa kwa muda na parke (ofisi ya waendesha mashtaka). Alikwenda moja kwa moja kwa yaya, akamkosa.

Hali ilipofikia

Shauri liko kwenye mahakama ya amani, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya makosa yasiyozidi kifungo cha miaka 5. Limeahirishwa mara nyingi. Kila kuahirishwa ni nauli, ni siku ya soko iliyopotea, ni kumwona mtu yuleyule kwenye korido. Mama R. amefikiria kuacha, na kama ataacha hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Amepanga chumba, dhamana ya mwenye nyumba ikilipwa na likelemba ya wanawake aliouza nao zamani, ambao walimpa zamu ya kwanza bila kuombwa. Anauza tena samaki wakavu. Sauti imerudi, ingawa akichoka hukwaruza. Mtoto mkubwa analala bila viatu.

Upande wa bwana ulidai mahari. Mjomba aliitisha kikao cha pili, na bwana hakualikwa. Aliwauliza waliokuja kama kuna bei ya mbuzi inayolingana na shingo. Mahari bado haijamalizika kuzungumzwa. Pande mbili zimekubaliana isidaiwe kwa mama mwenyewe.

Uchambuzi

Imani ya jeraha, kwamba pasipo alama hakuna neno, ndiyo iliyokaribia kuua. Zahanati haikuona alama, ofisa wa kwanza hakuona alama, na hata Mama R. alianza kuona aibu kulalamika bila alama. Kipimo cha hatari kilicho bora ni maswali: amewahi kukukaba? Amesema atakuua? Vipigo vinazidi kuwa vikali au vya karibu karibu? Ana silaha? Anakufuata unapokwenda? Amekupiga ukiwa na mimba? Umejaribu kumwacha hivi karibuni? Maswali haya muuguzi anaweza kuyauliza kwa dakika tano, mlango ukiwa umefungwa na aliyemsindikiza mgonjwa akiwa nje. Wa zahanati angeuliza la kwanza tu, kisa kizima kingekwenda njia nyingine.

Imani ya pombe na hasira iliwapotosha wanakikao. Shangazi alimhesabia bwana kutokunywa kuwa sifa, na watu wengi wangesema vivyo hivyo, kwa sababu Lubumbashi tunasema lutuku (pombe kali ya kienyeji) ndiyo inayopiga wanawake. Pombe huongeza ukali wa vipigo, hilo ni kweli. Lakini mtu huyu hakuwahi kumpiga msimamizi wake mgodini, ambako alichoka kweli. Alipiga mahali panapofunikwa na nguo. Mlango ulipogongwa usiku wa chumvi aliacha papo hapo, akafungua, akasalimia. Mtu aliyeshindwa na hasira hachagui mgongo akaacha uso, wala hatulii mara tu jirani anaposikika. Kikao kilimshauri mke apunguze maneno ili bwana asikasirike, yaani kilimpa mwanamke kazi ya kuongoza mikono ya mtu mwingine.

Mstari kwenye mfuko wa unga haukuingia kwenye mazungumzo ya kikao hata kidogo. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu mstari ule ulikuwapo miaka mingi kabla ya shingo. Kunyimwa soko, laini, pesa na chakula ni ukatili hata pasipo kofi, na ndiko kulikomfanya asiwe na nauli ya kutoka. Wengi wetu bado tunaishi kwa Kanuni ya Familia ya 1987, iliyotaka mke apate idhini ya mumewe kwa tendo lolote la kisheria. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliiondoa idhini hiyo. Majirani wa lupango, wanawake kwa wanaume, waliposikia habari hiyo kwenye mazungumzo ya kituo waliuliza maswali mengi kuliko walivyouliza juu ya jambo lingine lolote.

Kuhusu siri ya nyumba: Katiba, kifungu cha 14, inaitaka serikali ipambane na ukatili dhidi ya wanawake katika maisha ya hadharani na ya binafsi pia. Sheria basi imeshaingia ndani ya nyumba. Wanaobaki mlangoni ni watu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya wanawake wa Kongo wenye miaka 15 hadi 49 waliona kuna angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mke wake. Takwimu hiyo inanisaidia kumwelewa shangazi. Alimpa binti yake dawa ileile aliyopewa yeye.

Kilichofaa zaidi kilikuwa rahisi: bibi wa chumvi. Hakuhitaji mafunzo marefu wala fedha. Alihitaji kuambiwa afanye nini, lini, na asifanye nini. Hakuingia kumkaripia bwana, hakumpa mawaidha, alileta watu na kelele mlangoni. Kazi ya majirani wa lupango inaweza kuishia hapo na ikawa imeokoa mtu. Kumsikiliza Mama R. juu ya siku ya kuondoka kulifaa pia, ingawa ilikuwa vigumu kwa timu kulala usingizi siku zile za kungoja.

Kilichoharibika zaidi kilikuwa anwani. Mpango wa kwanza ulihesabu vitu, karatasi na siku, lakini haukuwahesabu watu wenye huruma. Shemeji hakuwa ameambiwa kwa nini afiche. Alijua tu kwamba kuna ugomvi. Mtu asiyejua sababu hawezi kutunza siri mbele ya mwanaume anayelia. Shule nayo vilevile. Tangu hapo, kwenye mpango wa kuondoka, timu huandika majina ya wote watakaopigiwa simu na bwana wiki ya kwanza, na kila mmoja hufikiwa kabla yake.

Bado kuna jambo ambalo halijapata jibu. Bwana anaomba kuwaona watoto, na ana haki ya kuomba. Wadogo wanamtaja baba yao, wanamkumbuka akiwapeleka kutembea. Imependekezwa wamwone Jumapili mchana, uani kwa mtu mzima anayeaminiwa na pande zote, mama akiwa hayupo, na watoto waletwe na warudishwe na shemeji. Wadogo wamekubali. Mkubwa amesema hapana, na mpaka sasa hakuna aliyemlazimisha.